Mafuta Mekundu ya Baba Mkwe

Nilipochomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia kwenye gari ya jipu ya baba mkwe wangu na kukileta puani, nilisikia njaa. Sisemi kwa mzaha. Mafuta ya gia yakiwa mazima hayanuki sana, na yakiungua yananuka uchungu unaokaba koo. Haya yalinukia sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, iliyosahauliwa jikoni mpaka ikaanza kushika chini ya sufuria. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na tumbo langu likajua ugonjwa wa ile gari kabla kichwa hakijakubali.

Baba mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kofia yake nyeupe haina hata doa la vumbi baada ya njia nzima kutoka Kabambare. Nilifuta kijiti, nikakirudisha, nikakichomoa tena, nikanusa tena. Fundi anayenusa mara mbili ama hajui kitu ama anajua sana. Mimi nilikuwa nimeanza kujua, na sikupenda nilichokuwa nakijua.

Kwetu kusini mwa Maniema magari ni machache, na karibu yote ni ya gia za mkono. Baba mkwe, aliyepata mali yake kwa mashamba ya ngazi, ile michikichi ya mawese, na kinu cha kukamulia mafuta, alikuwa mtu wa kwanza niliyemjua kuleta jipu ya otomatike Kabambare. Ilimfikia kwa njia ya Kalemie, ikiwa imeshachoka katika nchi za watu. Aliipenda kwa sababu ya goti lake la kushoto linalouma, maana mtu alimwambia kwamba gari ya namna hiyo haitaki mguu wa kushoto. Alijaribu kuiendesha mwenyewe mara moja, akaingia nayo katika uzio wa jirani, na tangu hapo akatafuta shofere. Jipu ile ilimpeleka sokoni na msikitini, ilibeba maharusi, na mara nyingi ilibeba wagonjwa wa mtaa wake kuja hospitali hapa Kasongo.

Shofere alikuwa mtu wa Lusangi, mfupi, baba wa watoto wengi, mwenye mdomo usiopumzika. Aliendesha malori miaka mingi kabla ya kupewa ufunguo wa jipu. Kila alipofika garajeni kwangu alinitania. Siku ile, hata moteri hajazima, alitoa kichwa dirishani.

"Fundi, leo usifungue kitu utashindwa kufunga!"

Watu wa pikipiki waliokuwa wakingojea abiria kando ya barabara walicheka mpaka mmoja akashikilia usukani asianguke. Mimi si mtu wa kutaniwa. Nilijifunza kazi hii Bukavu, nikarudi kwetu na vyombo vyangu ndani ya gunia, na sijui fundi mwingine hapa mjini anayefungua gia ya otomatike na kuifunga. Naandika hili ili ijulikane kwamba sikumpenda yule mtu. Chuki hiyo ndogo ilifanya kazi yake baadaye.

"Mukwe," baba mkwe alisema, "asubui gari inakataa kwenda. Shofere anatia gia, moteri inalia, gari imesimama tu. Tunangoja, tunangoja, kisha inaruka kama mbuzi. Mu kilima ndiyo mubaya zaidi."

"Ilianza wakati gani, Baba?"

"Tangu hii kiangazi iingie."

Kwa wasiojua, gari ya gia za mkono inashikwa na mguu wa dereva kwenye klachi. Gari ya otomatike inashikwa na mafuta. Ndani kuna pampu inayoyasukuma, na nguvu ile ya mafuta, sisi tunaiita presio, ndiyo inayobana sahani za klachi zishikane na magurudumu yazunguke. Presio ikipungua, sahani zinateleza, na moteri inapiga kelele kama mtu anayewaamrisha watu wasiomsikiliza. Mtu akiniletea otomatike isiyokwenda, najiuliza kwanza nguvu ya mafuta inapotelea wapi.

Jioni ile niliomba gari ilale kwangu. Baba mkwe alienda kulala kwa mdogo wake mtaa wa pili, maana hapendi kulala chini ya paa la mume wa binti yake, na shofere akalala ndani ya jipu. Kabla ya kufunga garaji nilitoa mafuta kidogo kwenye gia, nikayatia katika chupa nyeupe ya maji ya kununua, nikaiweka dirishani.

Asubuhi za kiangazi kwetu zina baridi ambayo wageni hawaiamini. Nilifungua kizibo kidogo ubavuni mwa gia, nikafunga pale bomba la saa yangu ya presio, kile kipimo chenye mshale, nikamwambia shofere awashe. Akaweka mguu kwenye breki, akapeleka mkono kwenye R, kisha kwenye D. Mshale ulipanda kidogo ukabaki unatetemeka huko chini, na pampu ikawa inalia kwa sauti nyembamba, kama kitu kinachonyonya bila kupata. Nikamwambia aache moteri iendelee. Kadiri gari ilivyopata moto, mshale ulipanda, taratibu, mpaka ukasimama mahali unapotakiwa.

Hapo nilikuna kichwa, kwa sababu mambo yalikuwa kinyume. Pampu iliyochoka inakuwa na nguvu asubuhi, mafuta yakiwa mazito, na inaishiwa pale yanapopata moto na kuwa mepesi. Hii ilikuwa inaugua baridi. Nikageuka kutazama chupa yangu dirishani. Juu mafuta yalikuwa mekundu na maangavu. Chini palikuwa pameganda kitu kizito cha rangi ya chungwa, kitu ninachokijua tangu utoto, maana ndivyo bidoni, lile dumu la jikoni, inavyoamka kila asubuhi ya kiangazi kabla mama hajaisogeza karibu na moto.

Mafuta ya ngazi. Mtu alikuwa ameilisha gia mafuta ya ngazi.

Msicheke upesi. Mafuta ya otomatike nayo ni mekundu. Kabambare huyapati dukani, mpaka uyaagize Kindu na ungoje. Mafuta ya ngazi yanatiririka kwenye kinu cha baba mkwe, masafi, yaliyochujwa kwa kitambaa, na wanawake wanatoka mbali kuyanunua. Nililala chini ya gari nikaona siili moja, ule mpira wa kuzuia mafuta, inavuja tone kwa tone. Basi mafuta yalikuwa yanapungua, na mtu mwenye mapenzi na gari yake akachungulia kijiti, akaona wekundu umeshuka, akaongeza wekundu. Wakati wa joto hakuna kilichoonekana. Kiangazi kilipoingia, yale mafuta yakaanza kuganda usiku na kuziba kichujio, na asubuhi pampu ikawa inavuta wala haipati.

Nilijua pia ni nani. Jipu ile hakuna aliyeruhusiwa kugusa mafuta yake isipokuwa mwenyewe. Kila Alhamisi alasiri baba mkwe aliiosha kwa mkono wake ili Ijumaa ifike msikitini inang'aa, na mke wangu alikuwa ameshanisimulia, akicheka, jinsi baba yake anavyofungua boneti na kupima hiki na kile kama anayempima mtoto homa.

Alikuja mapema, na mdogo wake, na wazee wengine wawili waliotaka kuona tumbo la otomatike. Watu wa pikipiki nao walikuwa wamesogea. Shofere alikaa kwenye tairi kuukuu, anasugua macho, lakini alikuwa anasikiliza.

"Sasa, mukwe. Gari iko na nini?"

"Presio, Baba. Mafuta haikuwa na nguvu. Kichujio imeziba."

"Imeziba na nini?"

Nilifuta mikono kwa kitambaa. Mtu ambaye hakukulia kwetu ataona jibu lilikuwa jepesi. Lakini baba mkwe kwetu ni mtu unayempisha njia ukashuka kwenye majani. Humtazami usoni mkiongea. Hukai naye mkeka mmoja. Ukiwa na neno zito la kumwambia hulisemi wewe, unampa mtu mwingine alibebe, shangazi au shemeji, naye analipeleka limefungwa vizuri kama nyama katika jani. Kumwambia mbele ya wazee wenzake, na mbele ya watu wa pikipiki, "Baba, wewe ndiye uliyeua gari yako kwa mafuta ya mboga," ni kumvua kofia hadharani. Niliyajua haya yote, na nilijua pia kwamba ningeweza kusema, "Baba, niache nitazame vizuri, tutaongea." Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Sikuyatoa.

Mdogo wake alinitangulia. "Itakuwa huyu shofere. Huyu ni mutu wa lori. Anakanyaga otomatike sawa vile anakanyaga lori."

"Mukwe, sema," baba mkwe akasema. "Ni yeye?"

"Baba," nikajibu, macho chini, "gari ya otomatike inaomba mutu mwenye kuizoea."

Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Nimeigeuza kichwani mara nyingi, na kila mara naikuta safi, na kila mara naona haya. Niliikata kwa kipimo cha yule mtu wa Lusangi ili imtoshe yeye peke yake. Na kwa kuwa nimeamua kusema, niseme yote: ndani yangu palikuwa na utamu kidogo. Nilikumbuka kicheko cha jana.

Shofere alinitazama. Hakukasirika, hakubisha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno. Alikuwa ananingojea, kama mtu anayejua kwamba sentensi bado haijaisha. Mimi niliinama kuokota spana ambayo sikuihitaji.

"Basi," alisema baba mkwe. "Lete ufunguo."

Shofere aliutoa kwa mikono miwili. Akachukua kifurushi chake ndani ya jipu, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima, akaenda kutafuta mtu wa kumbeba kwa pikipiki mpaka Lusangi.

Ni lazima mtu aelewe alichopoteza, maana si kazi tu. Magari kwetu ni machache na midomo ni mingi. Shofere akishaitwa muuaji wa magari hapewi tena ufunguo na mtu yeyote, kuanzia mto mpaka milimani, kwa sababu wenye magari wote wanajuana na wote wanaogopa. Atarudi kwenye jembe, au ataenda kuchimba dhahabu pamoja na wanaume wenye nusu ya umri wake. Yule hakujua kazi nyingine. Nilijua haya wakati ule ule, mgongo wake ukiwa bado unaonekana barabarani.

Nilifanya kazi nzuri kwenye ile gari. Labda nilikuwa nalipia kosa langu. Nilishusha karteri, lile bakuli la chini, nikakuta utando mzito umeshika kichujio chote. Nilifungua njia nyembamba ambamo mafuta yanapita, nikaziosha kwa petroli moja moja, na vali ya kupima presio, iliyokuwa imenata, nikaisugua mpaka ikateleza kwa uzito wake wenyewe. Sahani za klachi zilikuwa zimeanza kuungua pembezoni lakini zilikuwa bado na nyama. Nilibadilisha siili iliyovuja. Mafuta halisi yalipofika kutoka Kindu niliyatia, nikawasha, nikayamwaga, nikatia mengine, kwa sababu ya ngazi yanajificha hata katika bomba la kupozea. Mwisho nikafunga saa ya presio alfajiri, baridi ikiwa bado kali, na mshale ukapanda moja kwa moja ukatulia. Siku nyingine yoyote ningeita mtu aje aone. Siku hiyo nilifungua ile saa nikaifutafuta na kuirudisha katika gunia.

Kwa kuwa shofere hakuwepo tena, baba mkwe aliniomba nimrudishe Kabambare mwenyewe. Niliketi kwenye kiti kilichosogezwa mbele kwa ajili ya miguu mifupi ya mtu mwingine. Kwenye kioo palining'inia taulo yake ndogo ya kufutia jasho, ameisahau. Nilikisogeza kiti nyuma. Taulo sikuigusa.

Njiani baba mkwe alifurahi kama mtoto. Gari ilipanda milima bila kusita. Alinisifu mimi, akasifu Bukavu iliyonifundisha, akamsifu binti yake kwa kunichagua, jambo ambalo hakuwahi kulisema katika miaka yote. Kila sifa niliipokea kwa "ndiyo, Baba," macho yangu barabarani.

"Mimi hii gari ninaitunza mwenyewe," alisema. "Siku ya Alhamisi, kama mafuta imepungua, ninaongeza. Ya kinu yangu, ile ya kwanza, iko safi kabisa. Siachi hata siku moja."

Alikuwa anajivuna. Hakuwa na habari. Mzee wa watu aliniambia kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, tukiwa wawili tu barabarani, hakuna mzee mwenzake wala mtu wa pikipiki, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichofanya ni kufunga breki kando ya kijito, nikafungua boneti, nikachukua waya, nikakifunga kijiti cha mafuta pale kinapoingilia, nikakaza kwa koleo.

"Baba, hii mafuta mupya haipendi hewa," nikamwambia. "Usifungue tena. Kama iko na shida, niite mimi."

"Haipendi hewa?"

"Ndiyo, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, mtu mzima, mwenye akili yake na mali yake, anaamini upuuzi kwa sababu umetoka mdomoni mwa mkwe. Sasa nilikuwa nimewadanganya watu wawili na gari moja.

Kabambare habari ilikuwa imetangulia. Nikiwa nangojea pikipiki ya kunirudisha, nilikunywa chai kwa mwanamke mmoja karibu na soko, na mwenye lori aliyekuwa kwenye benchi lile lile alikuwa anasimulia. Yule shofere wa Lusangi alimwendea kuomba kazi. Alimkatalia. "Nilimuambia, ndugu yangu, weye unauwa gari. Fundi ya Kasongo mwenyewe alisema." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma ile isiyosaidia mtu. Mwanamke wa chai alinigeukia, akaniuliza kwa adabu mimi ninatoka wapi. Nikamwambia Kasongo. Hakuniuliza kazi yangu, nami nilishukuru, na kushukuru kule kuliniumiza kuliko yote.

Mke wangu ana jicho la fundi kuliko mimi. Siku nilipofika hakuuliza kitu. Alinitazama nikila, au tuseme nikisogeza ugali kutoka upande huu kwenda upande ule, kwa muda wa siku kadhaa. Kisha mchana mmoja, anapembua mchele mlangoni, akaniuliza bila kuinua uso.

"Baba watoto, gari ya baba ilikuwa na nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atacheka pale kwenye mafuta ya ngazi, na kweli alicheka, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nikaendelea mpaka kwa shofere, na kicheko kikamkauka.

"Kwa hiyo uliogopa baba yangu," alisema, "ukamutoa mutoto wa watu mu kazi."

"Ningemuambia namna gani? Ni mukwe wangu."

"Mukwe wako, ndiyo. Ule hana mukwe? Muke wake atapikia watoto nini, heshima yako?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika haraka nikiwa na kosa, na polepole nikiwa na haki. Nilimwambia hajui kazi za wanaume, nikatoka, nikazunguka garaji yangu nikipanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua, na mimi niliyewafundisha watu wasifiche ugonjwa wa gari nilikuwa nimeuficha huu chini ya waya. Niliporudi nyumbani alikuwa amekwisha kumpigia simu shangazi yake, dada mkubwa wa baba mkwe, mwanamke wa pekee Kabambare ambaye yule mzee anamwogopa. Njia ya kupeleka neno zito ilikuwa pale pale tangu mwanzo. Ilihitaji simu moja na rezo nzuri ya mtandao.

Siku ya pili baba mkwe alinipigia. Hajawahi kunipigia, mambo yetu yote yalipita kwa binti yake. Nilisimama kuipokea, kana kwamba ananiona.

"Mukwe. Mafuta yangu ndiyo iliziba gari?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ulijua ile siku?"

"Nilijua, Baba."

Nilisikia kinu chake kinazunguka nyuma yake, na watu wanaitana.

"Mimi ni muzee," akasema. "Nimefukuza mutu bila kosa, mbele ya watu, na wewe ulisimama pale unaniangalia. Ile ni heshima gani, mukwe? Ile ulinifanyia ni nini?"

Hakungoja jibu. Alikata simu. Nilijua, kwa uwazi ulionitia baridi, kwamba siku ile garajeni nilikuwa nimejilinda mimi, tabu yangu ya kusema, na nikaiita jina la adabu. Mzee nilimwachia dhambi ambayo hakuiomba.

Alichofanya mzee yule nilisimuliwa na mke wangu. Alipanda pikipiki, na goti lake lile, mpaka Lusangi, na mdogo wake, aliyemwita kutoka Kasongo, nyuma kwenye pikipiki nyingine, yule yule aliyesema maneno ya lori. Walimkuta shofere shambani. Baba mkwe alizungumza mbele ya wazee wa pale, kwa sauti, kwamba kosa lilikuwa la mkono wake mwenyewe. Aliyemsimulia mke wangu alisema watu hawakujua watazame wapi. Kisha akatoa ufunguo, na shofere akaupokea kama alivyoutoa, kwa mikono miwili. Siku hiyo hiyo, wanasema, mzee alipita kwa mwenye lori sokoni akamwambia naye.

Ningeweza kuishia hapa, maana kila mtu alipata chake. Shofere alirudi kazini. Jipu inatembea. Baba mkwe anaagiza mafuta Kindu na anawasimulia watu mwenyewe, nasikia, jinsi alivyotaka kuipikia gari sombe. Mimi peke yangu ndiye bado sijalala vizuri.

Mwezi uliopita shofere alikuja, peke yake, kuniletea gari nitazame breki. Aliingia garajeni akazima moteri kabla ya kuteremka. Watu wa pikipiki walimngojea atoe utani wake, walikuwa wameukosa. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za watoto. Nilifanya kazi, yeye akakaa kwenye tairi. Nilizungumza sana, mimi ambaye sipendi kuzungumza: barabara, mvua, bei za vitu. Alijibu kila kitu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni.

Nilipomaliza nilisimama karibu na dirisha lake, nikamwambia nilichokuwa nimekiandaa. Kwamba siku ile nilijua. Kwamba namuomba msamaha.

"Najua ulijua," alisema. "Mimi nilimuona muzee anatia ile mafuta. Mara ya kwanza nilimuambia, Muzee, tungoje ya dukani. Akasema mafuta ni mafuta. Nikanyamaza, juu ya kuwa ni muzee wangu, ananilisha. Nikasema mu roho yangu: twende kwa fundi. Mimi nikisema, watasema ninajitetea. Fundi akisema, imekwisha. Njia yote ya Kasongo nilikuwa nafuraia kukuona."

"Ni mukwe wangu," nikasema. Hata masikioni mwangu ilisikika ndogo. "Baba mukwe kwetu, unajua, huwezi..."

"Najua. Ule ni mukwe wako." Aliwasha moteri, akaweka mkono kwenye gia, hakuisogeza. Akanitazama kama alivyonitazama ile asubuhi, bila hasira. "Na mimi, fundi? Mimi niko nani yako?"

Alingoja jibu. Kwa kweli alingoja. Kisha akapandisha kioo.